Kichwa Kilichozidi Mlimani

Kwako kaka Kalmet,

Shikamoo, kaka. Pole na baridi ya huko New Zealand, na pole na kazi ya kuchuma matufaha. Sisi huku kisiwani Efate tunapumua, viazi vikuu vimekubali mwaka huu, mkeo na watoto hawajambo. Mama ndiye hayuko sawa, na ndiye aliyenituma nikuandikie.

Ulisikia kwamba tingatinga la barabara liligonga makaburi ya kale pale mlimani, kati ya shamba letu na la Mzee Kaltapau, unapotaka kujenga. Basi alikuja Dokta Marama, wa chuo kikuu cha huko uliko, kutafuta vinasaba, ile alama ya ukoo iliyomo mwilini, ailinganishe ya wafu na ya mate yetu tulio hai. Alionya kwamba yeye si hakimu wa ardhi, lakini nani alimsikiliza? Wazee walikata shauri: wafu wakiwa wa ukoo wetu wa Kiazi, mlima ni wetu, wakiwa wa Pweza, ni wa Kaltapau. Na ukoo, wajua, huja kwa mama.

Kasheshe ni kwamba wale wafu hawakuwa na vichwa, ndivyo watu wa kale walivyozika. Dokta alisema joto letu limekula kila kitu mifupani, isipokuwa ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Sasa sikio bila kichwa utalitoa wapi? Alikuwa akifunga virago, asubuhi moja kichwa kikaonekana shimoni, kimepakwa udongo vizuri kabisa.

Nilimwambia Mama huo ni mkono wa Kaltapau. Mtu gani anatema mate kwenye kichupa huku anacheka, anawauliza wenzetu kama kiazi kimewakwama kooni? Nilimwandama kwa macho kila aendako. Alituletea mkungu wa ndizi, nikawatupia nguruwe. Mkewe akinisalimu, najiuliza anachimba nini. Hata Mjomba Obed alipoacha kwenda kunywa kava na wenzake, hali, halali, akiulizwa anasema tumbo, nilidhani Kaltapau amemfanyia vitu.

Dokta alikibeba kichwa kwenda kukipima, na aliporudi na majibu tulijaa kwenye nyumba ya mkutano. Akasema kichwa ni cha ukoo wa Pweza. Kaltapau akasimama akatushauri tuanze kung'oa viazi mapema, mvua isitukute njiani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite mwizi wa makaburi, Dokta akaomba azungumze na Mama pembeni. Nikafuata kumshika mkono. Alituambia kichwa si cha kale hata kidogo. Ni cha mtu wa juzi tu, na mate ya Mama yanaonyesha kwamba mtu huyo ndiye aliyemzaa.

Ni Babu, kaka. Mama aliuliza jambo moja tu, kama walimtoboa. Dokta akasema ndiyo, sikioni.

Mjomba Obed alikiri kabla hajaulizwa. Alimfukua baba yake mwenyewe ili tupate mlima. Aliona kichwa cha chifu mkubwa kama Babu kitamaliza maneno, na tamaa ikamsahaulisha kwamba Babu ametuzaa tu, ukoo hakutupa, maana mama yake Babu alikuwa Pweza. Kaltapau nilimwonea, na aibu ninayo.

Mjomba ameleta nguruwe na mikeka ya kuomba msamaha. Mama hajavigusa. Anasema hawezi kupokea kitu huku baba yake amelala bila kichwa, na habari za mlima hataki kuzisikia.

Kichwa kiko huko huko uliko, kabatini kwenye chuo cha Dokta Marama. Amekubali kumkabidhi mtu wa damu. Mama anasema uache matufaha ukamchukue Babu. Usimweke na mizigo, kaka. Mpakate mpaka nyumbani.

Mkeo anakusalimu sana. Watoto wanauliza utawaletea nini.

Ni mimi mdogo wako,
Leinasei