Mstari wa Chokaa

Bweni la Wafanyakazi,
Kiwanda cha Nguo cha Narsinha,
Solapur.
6 Machi 1986

Baba yangu mpendwa, Mzee Raghunath,

Shikamoo. Naigusa miguu yako na ya Mama kwa heshima zote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lako la kushoto limepata nafuu sasa baridi imekwisha. Mwambie Mama chatne ya karanga ilifika salama, ila haikufikisha siku tatu, maana wenzangu wa bwenini wana pua za paka. Dada Sushila naye anaendeleaje? Mimi sijambo, nala vizuri, na mashine yangu ya kufuma haijanisumbua mwezi huu.

Bwana Yeshwant, najua ni wewe unayesoma, kama ulivyomsomea Baba barua zangu zote tangu niondoke, pale kwenye baraza ya hekalu mbele ya watu. Salamu kwako pia na kwa mfuko wako wa posta. Leo nakuomba jambo moja tu, usome yote kama yalivyo, usiruke mstari hata ukiona aibu.

Baba, barua yako imefika. Unasema mwalimu aliiona picha yangu gazetini, nimesimama na timu ya kriketi na kombe la viwanda, na kijiji kizima kimekubaliana kunipokea Jumapili ya tarehe kumi na sita. Unasema kilemba cha zafarani kimeshanunuliwa, shali ipo, nazi ipo, na mwenyekiti atatoa hotuba. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Jibu langu lina neno zito ndani yake, na nitalisema kabla sijaweka kalamu chini. Lakini kwanza nataka ujue kombe lilivyopatikana, maana usipojua hilo, neno langu litakuumiza bure.

Utakumbuka mwaka jana tulitolewa nusu fainali. Niliwaandikia kwamba bahati haikuwa yetu. Bahati haikuwa na kosa lolote. Wapinzani walikuwa wamebakiza mbio mbili tu washinde, na mpigaji mmoja wa mwisho. Mrushaji wetu wa kasi, Milind Jagtap, kijana mrefu mwenye mdomo mrefu zaidi, akaachia mpira ukang'oa vijiti nyuma ya mpigaji, yaani ametoka. Tukarukaruka, tukakumbatiana, kumbe mwamuzi amenyoosha mkono pembeni. Mpira batili. Mguu wa mbele wa Milind ulikuwa umevuka mstari wa kurushia kwa upana wa kiganja, na mrushaji akivuka, hata ang'oe vijiti vyote havihesabiwi. Mpira uliofuata ukapigwa hadi kwenye ukuta wa stoo, na mambo yakaishia hapo. Milind alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia kwa sauti, na hakuna aliyemfuata.

Mimi nililia vilevile, Baba, ila kwa sababu nyingine. Mwaka mzima nilikuwa narusha mipira pembeni yake kwenye nyavu za mazoezi, ndani ya vile vizimba vya wavu, na kila siku nilimwona akivuka. Nyavuni hakuna mwamuzi. Kila mtu anavuka, hatua moja, hata moja na nusu, na mpigaji anacheka tu. Niliona nikanyamaza, nikijiambia mimi ni nani niseme.

Na mazoezi yetu yenyewe yalikuwaje? Ungeyaona ungesema ni harusi. Warushaji wanane wanapanga foleni wakipiga soga, huyu anarusha wa kasi, huyu wa kuzungusha, mpigaji hajajiweka sawa mpira umeshamfikia. Naye mpigaji anapiga kila kitu juu mawinguni, maana wavu unadaka na hakuna wa kumtoa. Akitolewa mara tano bado yumo, anasema nipeni mmoja wa mwisho, na huo wa mwisho hauishi. Saa mbili zikipita kila mtu anajipangusa jasho na kujisifu kwamba leo tumefanya kazi. Jasho lilikuwepo kweli.

Wiki moja baada ya kutolewa nikamwendea kapteni, Bwana Deshpande. Nilimkuta anakunywa chai kwenye kisahani, nikamwambia mechi ile tuliipoteza nyavuni, miezi sita kabla. Akaniuliza kama nimelewa. Nikamwomba mipira kumi na miwili tu. Nikachora mstari kwa chokaa, nikachuchumaa pembeni, Milind akarusha kama kawaida yake. Tisa kati ya kumi na miwili ilikuwa batili. Kapteni akaweka kisahani chini. Akatangaza kwamba kuanzia kesho mwenye amri juu ya mstari ule ni Bhanudas, na asiyetaka aende akacheze karata.

Kuanzia hapo, Baba, nyavu zikawa na sheria. Saa tisa kamili naweka chokaa. Warushaji wanakuja wawili wawili, kila mmoja mipira sita, kisha anapumzika kama kwenye mechi. Mpigaji kabla ya mpira wa kwanza lazima aseme wadakaji wake wa kufikirika wamesimama wapi, na akiupeleka mpira mkononi mwa mmoja wao, ametoka. Akitoka anavua pedi anakwenda kuokota mipira. Yule Kulkarni mpigaji wetu wa kwanza, aliyezoea kukaa nyavuni kama mkwe aliyekuja kukirimiwa, siku ya kwanza alitolewa kwa mpira wa pili. Alinitazama akidhani nitamhurumia. Nikamwonyesha mipira ilipo.

Walinitukana utani wa kila aina. Waliniita Inspekta wa Chokaa. Kulkarni alidai nikioa nitamchorea mke wangu mstari jikoni. Milind ndiye aliyechukia kweli. Kila nikipaza sauti kwamba ni batili, ananigeukia, "Bhanu, wewe mrushaji au polisi wa barabarani? Hapa hakuna mwamuzi, niache nifanye kazi!" Nikamjibu kwamba ndiyo maana mguu wake hauna adabu, haujawahi kulelewa na mwamuzi. Wenzake walicheka, yeye akaacha kusema na mimi siku kumi na tano.

Hapo ndipo nilipopata hofu. Milind alijitahidi kubaki nyuma ya mstari, lakini kasi ikamtoka. Anakimbia akiangalia miguu yake, anafika kwenye mstari amejikunja, mpira unatoka laini hata Mama angeupiga. Mechi mbili za kirafiki alipigwa vibaya. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Bhanudas kamharibu mrushaji. Kapteni akaniita faraghani akaniambia waziwazi kwamba nina wiki mbili, zikipita bila kijana kurudi, chokaa inarudi stoo na mimi narudi kwenye mashine yangu, nisionekane uwanjani tena. Usiku sikupata usingizi. Kijana yule hana kitu kingine, kiwanda kilimwajiri kwa ajili ya mkono wake wa kulia.

Nikamfuata Milind mwenyewe, nikamwomba abaki nyavuni wenzake wakiondoka. Alikubali kwa kununa. Siku tatu sikumwangalia mguu wa mbele hata kidogo, nikamtazama anavyoanza. Na huko ndiko ugonjwa ulikokuwa, Baba. Leo anaanza mbio kwa mguu wa kushoto, kesho kwa wa kulia, mara anatanguliza kihatua kidogo cha kujiweka sawa. Hatua ya mwisho ilikosea kwa sababu ya kwanza ilikosea, na mimi nilikuwa nimemfokea mwezi mzima mahali pasipo na kosa. Nikamwomba radhi. Tukapima kwa nyayo kutoka mstarini kurudi nyuma, tukapata hatua kumi na nane kasoro, tukaweka alama mbili, moja ya kuanzia na nyingine kwenye hatua ya tano. Mguu wa kushoto uanze siku zote. Ukipita sawa kwenye alama ya tano, tazama vijiti tu, mstari utajitunza wenyewe.

Tulifanya hivyo kila jioni mpaka king'ora cha zamu ya pili kilipolia. Siku ya tisa alinirushia mimi nikiwa na gongo la kupigia, mpira ukanipita sikioni ukiimba. Nikachungulia chini, mguu ulikuwa ndani ya mstari kwa vidole vitatu. Milind akauliza kwa hofu kama ni batili. Nilipomwambia ni halali alikaa chini katikati ya wavu akacheka peke yake. Jioni hiyo alininunulia chai, akaniita kaka kwa mara ya kwanza.

Sasa fainali. Tulicheza na timu ya benki moja kubwa, watu wa viatu vyeupe kuliko meno yao. Walihitaji mbio tatu, mpigaji wa mwisho ndani, na mpira alipewa Milind. Nakuapia Baba, uwanja mzima ulikumbuka mwaka jana, hata muuza karanga aliacha kutangaza. Kijana akaanza kwa kushoto. Alama ya tano akapita sawasawa, macho yako mbele. Vijiti viwili vikaruka. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Watu elfu moja waligeuza shingo kumtazama mwamuzi, naye akainama kuutazama mstari, akautazama tena, kisha akainua kidole kwamba mpigaji ametoka. Alama ya kiatu ilikuwa nyuma ya mstari, kila mtu akaenda kuiona kwa macho yake.

Baba, mimi siku hiyo sikuwa uwanjani. Nilikuwa nje ya kamba, nimekaa juu ya mfuko wa mipira ya mazoezi.

Sikuumia wala sikupumzishwa. Mimi si mchezaji wa timu ya Narsinha. Nilicheza mechi moja tu, mwezi ule ule nilipofika, miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilirusha mipira kumi na minane, nikapigwa kila pembe mbele ya watu. Kapteni wa wakati ule aliniambia bila kuficha kwamba mkono ninao ila moyo wa mechi sina, lakini nyavuni hakuna anayenipiga, basi nibaki niwe nawarushia wapigaji wakati wa mazoezi. Nikabaki. Wakati huo nilikuwa nimeshaandika barua kwamba nimeingia timuni, na Bwana Yeshwant alikuwa ameshaisoma barazani, nawe umeshagawa pipi za sukari guru kijiji kizima. Nilishindwa kuyarudisha maneno yale. Kila ulipouliza nimewatoa wangapi mwezi huu, nilikuandikia idadi, na idadi ile ilikuwa ya kweli, Baba, mtu kwa mtu. Ila wote niliwatolea nyavuni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka kumi na mmoja, na kila barua niliisikia uzito wake.

Nisamehe. Nilikudanganya wewe uliyenifundisha kushika mpira kwa mkono wa jembe, na kupitia kwako nikadanganya kijiji. Hilo ndilo ninaloona haya. Kazi yangu siionei haya hata kidogo, na hili nataka lisomwe kwa sauti kubwa. Naipenda. Naijua kuliko mtu yeyote Solapur.

Sasa naweza kukueleza kuhusu ile picha. Mwamuzi alipoinua kidole, wenzake wote walimkimbilia Milind, naye akawakwepa. Alikuja mbio hadi kwenye kamba, akanibeba mabegani mimi na mfuko wangu, akapiga kelele, "Huyu hapa! Huyu ndiye kamtoa!" Kapteni mwenyewe akanivuta kwenye mstari wa picha na kunishikisha sikio moja la kombe. Nilijaribu kutoka, wakanizuia. Kwa hiyo gazeti halikusema uongo. Uongo ulikuwa wangu tu.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano nitapanda basi la asubuhi, na Milind anakuja nami, kwa sababu hakusikia la kuambiwa. Kama kilemba kile kilinunuliwa kwa ajili ya mtu aliyecheza fainali, tafadhali mvikeni yeye, ni haki yake, nami nitapiga makofi nikiwa mbele kabisa. Na kama utaona aibu kunipokea mbele ya watu, niambie tu, nitaingia kwa njia ya mashamba, nile mkate wa mtama wa Mama na kuondoka. Uamuzi ni wako, sitalalamika.

Lakini kama moyo wako utaniruhusu nisimame pale, basi mwenyekiti asiseme kwamba mimi ni mchezaji. Aseme kazi yangu kwa jina lake.

Msalimie Mama, Dada Sushila na watoto wake, mwalimu, mwenyekiti na wote wanaosikiliza hapo barazani. Bwana Yeshwant, asante kwa sauti yako. Kama kuna mahali uliruka kwa kunihurumia, rudi ukasome.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Bhanudas Raghunath Salunkhe,
Mrushaji wa Nyavuni,
Kiwanda cha Narsinha, Solapur.