Bila Kadi Hatuwezi Kupika

Mamba, Same
Likizo ya Juni

Mpendwa kaka Godwin,

Shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na ninaliweka hapa mwanzoni kabla sijaogopa. Wewe unajua tu kwamba ninapika picha, kama ulivyonifundisha kuiita ile kazi ya kompyuta ya kugeuza michoro kuwa picha kamili. Hujui ni picha za nini. Ninatengeneza filamu fupi ya ndiva ya Bibi, lile bwawa la kumwagilia mashamba lililojaa tope kabla wewe hujazaliwa, ambalo sasa watoto hulikanyaga wakidhani ni uwanja wa nyasi. Nataka Bibi alione likijaa maji tena kabla hajahamia Kihurio kwa baba mdogo Clemence baada ya Krismasi, maana magoti yake yameukataa mlima.

Je, hujambo? Kazi inaendeleaje huko Dar es Salaam? Sisi hatujambo. Mama yuko Same mjini, anakusalimu. Bibi anakohoa kidogo asubuhi kwa baridi hii, anajitibu kwa tangawizi na kumkemea yeyote anayetaja dawa nyingine. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ndiyo iliyoniponza, utaona mbele.

Uliniuliza nichague: ulete kadi mpya ya grafiki Desemba, au niiovakloki hii ya zamani, yaani niilazimishe kwenda kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Nilianza na kuilazimisha. Kule Same, mchana, chini ya lile bati letu, feni ililia kama mashine ya kusaga, picha ikavunjika vipande vya zambarau, kompyuta ikajizima. Nikajiambia kosa ni la joto, si la kadi. Basi likizo ilipofika niliifunga kwa blanketi nikapanda nayo basi hadi huku mlimani kwa Bibi, nimeipakata njia nzima. Kondakta akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Abiria walicheka, nami nikaikumbatia zaidi.

Baridi ilisaidia. Kadi ilivumilia spidi niliyoiongeza, nikafurahi, nikaongeza tena. Lakini kila ilipofika pale maji yanapojaa na anga kuonekana ndani yake, iliganda. Nikaona sina budi kupata kadi mpya, na ulipopiga simu nikakubali uilete. Siku chache baadaye nilikwenda kukaa kwenye ukingo wa ndiva yenyewe, nikawafikiria waliolichimba bwawa lile. Kijito chao kilikuwa chembamba kama hiki cha leo. Hawakukichapa kiende mbio, wala hawakuhama kufuata mto mkubwa. Waliziba mdomo wa ndiva jioni wakaenda kulala, na asubuhi yale maji yaliyoingia kidogo kidogo yakatosha shamba. Nikarudi, nikaikata filamu vipande vifupi, kila kimoja kipikwe peke yake wakati mimi niko shambani nang'oa tangawizi. Inachelewa, lakini haigandi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usilete kadi. Ningeweza kuishia hapa, ukaniona nina busara. Lakini ipo sababu nyingine.

Unaikumbuka ile simu ya mwisho, mtandao ulipokuwa unakatika nami nikaweka sauti ya nje? Ulipiga kelele kwamba kadi mpya utaileta Desemba, nami nikajibu kwa sauti kubwa kwamba sawa, maana bila kadi hatuwezi kupika. Bibi alikuwa pembeni anamenya ndizi. Kaka, fikiria alichosikia. Kadi. Desemba. Kupika. Kesho yake jumuiya nzima ilijua kwamba Godwin anaoa. Jirani yetu Mama Esta ameahidi sufuria zake kubwa zote. Mama mwingine alimwuliza Bibi huyo bibi harusi ni mtu wa namna gani, na Bibi, asiyejua lolote, akajibu kwamba ni msichana mtulivu anayependa kanisa.

Nilielewa siku ileile, nikanyamaza. Utadhani ni ile aibu yangu ya siku zote, na mwanzoni ilikuwa hiyo. Baadaye haikuwa aibu. Bibi aliacha kufunga mizigo, kazi aliyoianza mapema ili Krismasi isimkute hajajiandaa. Alimwambia baba mdogo kwamba haondoki mlimani kabla hajampikia mjukuu wake, na harusi ikisogezwa mbele naye atasogea nayo. Akaanza kuimba tena jikoni. Nami nikatamani usipige simu, kosa lile liendelee hivyohivyo, Bibi asiende Kihurio kamwe. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliandika.

Hapo niliacha kalamu, nikaenda jikoni, nikamwambia. Nilimweleza kwamba kadi ni kifaa chenye feni kinachokaa ndani ya kompyuta, na kinachopikwa ni picha. Akaniuliza, basi hakuna msichana kabisa? Nikajibu kwamba labda yupo, ila mimi simjui. Alicheka mpaka akashika kinu, akasema kumbe ameisifia feni mbele ya kina mama kwamba ni tulivu na inapenda kanisa. Kisha kicheko kikamwisha, na nilitamani angenigombeza. Akaomba azione hizo picha.

Nilimwonyesha zilizokwisha kuiva. Akatazama mpaka maji yakafika ukingoni, akasema turudie. Akauliza kama ndiva hiyo inaweza kushuka Kihurio. Nikampa flashi ya kubebea filamu aishike, ndogo kuliko kidole cha tangawizi. Akaifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofungia sadaka, ingawa bado haina kitu ndani.

Nilirudisha spidi ya kadi kama ilivyotoka kiwandani, nikaweka kipande kinachofuata kipikwe, nikamsindikiza Bibi kwa Mama Esta kumweleza kuhusu sufuria. Njiani hakuimba. Tuliporudi nilimsaidia kukunja mablanketi ya kwenda Kihurio.

Anakusalimu sana. Anasema Desemba uje mikono mitupu, na kama utakuja na mtu useme mapema, kwa kuwa Mama Esta amekataa kuzirudisha sufuria darini.

Mdogo wako akupendaye,
Dina