Samaki wa mpira kwa Papa

Jumamosi jioni, Kalemie. Tangu tulipotoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha muji, hakuna hata upepo wa kusogeza pazia, na ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mimi njo situlii. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kitabu changu, leo nina jambo.

Muzungu wa biro yetu, fundi wa mashine za bandari, anarudi kwao kabisa. Vitu vyake vya kuvua hataki kubeba. Kwa kuwa mimi njo nilikuwa nampigia barua zake kwa mashine, alisema: Citoyenne, chagua wewe kwanza, fimbo moja ya kuvulia na vyombo vyake, na samaki mumoja.

Samaki mwenyewe ni wa mpira. Urefu wake kiganja, mwili vipande vitatu vilivyounganishwa, na ukimuvuta majini anapiga mukia kama muzima. Samaki mukubwa anamufuata akizani ni chakula.

Nilimufikiria Papa papo hapo.

Papa alivua mushipi kule Moba miaka yote niliyomujua, uzi mukononi, peke yake ndani ya mutumbwi. Sasa magoti yamekataa mutumbwi. Tangu nimulete hapa kwangu Kataki, anakaa nyuma ya nyumba, mugongo kwa ziwa. Anakula kidogo, anashukuru, anarudi kwenye kiti. Sijamuambia muntu, lakini naogopa. Muntu anaweza kuisha hivyo hivyo, bila ugonjwa. Kwa fimbo, kumbe, unavua ukisimama kwenye mawe pale Lukuga inapotoka ziwani, na habari ya mutumbwi imekwisha.

Kwa hiyo nilichagua kama muntu anayechagua dawa.

Fimbo zilikuwa mbili. Moja ndefu, nyembamba, nyeusi, inang'aa. Nakiri, macho yangu yaliangukia ile. Na Citoyen Kisimba wa magazini, kule gala ya vifaa, alikuwa ananichochea pembeni: "Kamata ile ndefu, Mama, ile njo ya bakubwa." Lakini nilifunga samaki wa mpira kwenye uzi wake, nikainua. Kumbe alikuwa muzito. Ncha ilishuka karibu kugusa sakafu, kama shina la muchicha baada ya mvua. Fimbo ya namna hiyo ni ya samaki wadogo. Ya pili ilikuwa fupi, nene, rangi imechubuka, mupini umefungwa utepe. Ile ncha yake iliinama kidogo, halafu sehemu ya chini ikakaza. Nikatoka inje, nikamurusha samaki. Alienda mupaka kwenye mapipa ya mafuta. Kisimba aliacha kucheka.

Mulinet, kile chuma cha kuzungushia uzi, nilichukua kikubwa chenye uzi munene. Sangala, yule samaki mukubwa wa ziwa letu, akishika ndoana anakimbilia mawe, na uzi mwembamba unakatika pale pale. Hayo ni maneno ya Papa mwenyewe, nimeyasikia tangu utoto. Samaki mwekundu anayemetameta nilimuacha. Nilichukua mwenye mugongo wa giza na tumbo jeupe, kama mukebuka muchanga, samaki anayeliwa na sangala. Sangala hali mapambo.

Nilirudi nyumbani karibu kukimbia, mimi na umri wangu huu.

Kosa langu lilikuwa neno. Muzungu anamuita yule samaki kwa Kifaransa "lere", na biro nzima tulishika hivyo. Nikasimama mbele ya Papa, vitu nimeficha nyuma yangu, nikasema: "Papa, nimekuletea lere."

Yeye alisikia lere ile ingine ya Kifaransa, yenye maana ya saa. Akaangalia mikono yake.

"Lere ya kufanya nini, mwanangu? Hata zenye niko nazo zinanishinda kumaliza."

Nikamuwekea tu samaki kwenye magoti.

Alimugeuza. Akamuminya tumbo. Akaona zile ndoana za miguu mitatu, akaomba kisu, akazitoa moja moja. Halafu alichukua fimbo, akaikandamiza ncha chini, akaiachia.

"Hii ni nani alichagua?"

"Ni mimi, Papa."

"Hm."

Kwa Papa, "hm" ni sifa kubwa.

Akasimama. Akarusha samaki kuvuka kiwanja chote, akaanza kumuvuta polepole kwenye muchanga, na mukia unapiga huku na huku. Paka wa jirani, yule anayeogopa hata kuku, alitokea chini ya ua wa lupango, akamurukia kwa miguu yote mine. Papa anavuta, paka anashikilia. Papa alicheka mupaka akatafuta kiti kwa mukono. Kicheko kile sikukisikia hata mara moja tangu afike kwangu. Mimi nikalia kidogo, nasema ukweli, nikajifanya naangalia sufuria.

"Kama paka wa muji amedanganyika," akasema, "sangala njo nani?"

Bado naogopa. Ziwa halina ahadi na muntu, na kesho sangala anaweza kukataa. Je, Papa akirudi mikono mitupu, atakubali kwenda tena? Sijui. Na fimbo nilichagua mimi, lawama itakuwa yangu.

Lakini sasa hivi, naandika hapa mezani, ameingiza kichwa mulangoni na kuuliza kama kesho tunaenda misa ya kwanza ao ya pili. Hajauliza habari ya misa tangu afike. Nimemujibu ya kwanza, ili tuwahi mawe ya Lukuga. Mungu anisamehe, mahubiri ya kesho sitasikia hata neno moja.