Kwa Baba Mkwe Aliyenichimbia Kaburi Kiranjeranje

Baba mkwe wangu, Mzee Mfaume,

Shikamoo. Najua leo sitaisikia ile marahaba yako nzito, iliyokuwa ikitoka kifuani kama mtu anayetua gunia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, hata kama umekwisha kulazwa kaburini tangu jana alasiri.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, ukingoni mwa Mbwemkuru, upande wa Lindi. Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Wewe umezikwa ng'ambo, Kiranjeranje, na mimi mkweo nimekaa huku nautazama mto uliojaa miti na povu. Mwanao Somoe yuko huko tangu ulipozidiwa. Nilipoletewa habari Lindi niliondoka saa ile ile, peke yangu, nikidhani nitawahi kukubeba. Sikuwahi. Mwenye mtumbwi amekataa kuingia majini mpaka mto upungue, nami nimelala humu garini, magoti yanagusa kidevu, nakukumbuka. Nimejikuta nacheka, Baba. Mwenye mtumbwi ananitazama kwa mashaka, maana ameambiwa kwamba nimefiwa.

Nacheka kwa sababu ya asubuhi ile tuliyojuana. Wewe uliisimulia katika kila arusi na kila msiba, na kila uliposimulia mimi nilizidi kuwa maiti. Mara ya mwisho niliyokusikia nilikuwa nimekwisha anza kunuka. Leo niache niisimulie mimi, kwani hata mwanzo wake hukuwa ukiujua vizuri.

Nilikuwa nimerudi kutoka vitani Bama, tulikopelekwa kupigana na Wajapani, na ujuzi pekee niliorudi nao ulikuwa ni kuendesha gari. Tajiri mmoja wa Lindi alikuwa amenunua gari dogo Dar es Salaam, akanipeleka kwa meli nikalichukue na kulileta kwa njia ya nchi kavu. Aliniusia neno moja tu. "Bakari, usilale mbali na gari. Ukikaribishwa kwa mtu, kula, shukuru, kisha rudi ukalale garini." Gari lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya Mzungu mfupi. Na mimi unanijua, nikiingia mlangoni kwako nilikuwa nainama kama ninayerukuu.

Nilipofika Rufiji pantoni ilikuwa imekwisha funga, nikalala hapo kungojea asubuhi. Mbu wa Rufiji hawana haya. Nikapandisha vioo vyote, nikaiva humo ndani kama muhogo chunguni. Usiku uliofuata, Somanga, niliamua kulala nimekaa, nikaegemeza kichwa kwenye usukani. Kila usingizi uliponishika paji la uso liliangukia honi, honi ikalia, nikaamka, nikajitukana, nikasinzia, ikalia tena. Kulipopambazuka akaja mzee wa nyumba ya jirani, akanisalimu kwa upole sana, akaniuliza kama nina shida yoyote inayonifanya nipige kelele usiku kucha. Nikamwambia sina.

"Basi nenda salama, mwanangu," akasema. "Na uende sasa hivi."

Kwa hiyo nilipoingia Kiranjeranje magharibi imekwisha pita, gari linachemka na mimi sioni mbele kwa usingizi. Nikasimama karibu na msikiti wenu. Milango yote ilikuwa imefungwa, kwani siku zile simba walikuwa wakisumbua, na hapakuwa na mtu wa kumpigia hodi. Nikajilaza chali kwenye viti, nikajifunika shuka nyeupe kuanzia kichwani kwa ajili ya mbu, na kwa kuwa miguu haikuwa na pa kukaa nikaitoa nje dirishani. Nilijiuliza kidogo kama simba huanzia miguuni. Nikaona kwamba akianzia huko, angalau nitapata habari mapema. Nikalala usingizi ambao sijaupata tena.

Ukaniona wewe, ulipotoka kuswali alfajiri.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiosha na kukafini maiti wa mji mzima, kazi uliyoipenda kwa sababu, kama ulivyokuwa ukisema, ndiyo kazi pekee ambayo mtu unayemhudumia hakubishii. Ukaita hodi, kimya. Ukaita tena, kimya. Ukanishika mguu, ukauona wa baridi. Lakini Baba, mguu uliolala nje kwenye umande ungekuwa wa moto vipi? Ukasema inna lillahi, na kuanzia hapo mji ukaingia kazini. Jumbe akaja na kofia yake ya serikali, akasema maiti asitolewe garini mpaka habari zipelekwe kwa bwana shauri, mtawala wa wilaya, Kilwa.

"Bwana shauri hataoza," ukamwambia. "Huyu ataoza."

Mkapatana kwamba mimi nikae pale pale na vijana waende wakachimbe. Wanawake wakawasha moto. Wewe, ambaye hukujua kukaa bure, ukaanza na kile kilichofikika. Ukachana utepe wa kitambaa, ukanifunga vidole gumba vya miguu pamoja kama wanavyofungwa maiti, kisha ukasimama dirishani ukanisomea Yasini.

Sauti yako niliisikia. Nilikuwa naota niko kwa mama yangu Mchinga, pana hitima, nami nangojea chakula. Mtu mwenye njaa haondoki haraka katika ndoto kama ile. Nilipotaka kukunja mguu mmoja ukaja na wa pili. Nikashtuka, nikainuka, kichwa kikagonga paa, shuka ikaanguka, kiwiko kikakandamiza honi. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na nilipofungua macho haukuwa na mtu. Jumbe, nimeambiwa, alionekana tena adhuhuri.

Ulibaki wewe peke yako. Ulimaliza aya kwanza.

"Umekufa au hujafa?" ukaniuliza.

"Sijafa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hukuweza kusema mapema?"

"Nilikuwa nimelala."

Ukaitazama miguu yangu, ukalitazama gari. "Huna kwenu?"

"Ninako. Mchinga."

"Na huko kwenu hakuna vitanda?"

Nikainama nikaanza kujifungua vidole.

Kaburi lilikuwa tayari. Ukasema kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, litamwita mwingine. Ukaagiza mgomba ukatwe uzikwe mahali pangu, ukanisimamisha kando yake upate kipimo, ukaurefusha kidogo ulipoona nimenyoosha shingo. Tukaenda kunizika. Nilitupia udongo mimi mwenyewe, kwa kuwa niliona aibu kusimama tu huku watu nisiowajua wakihangaika kwa ajili yangu. Tuliporudi chakula kilikuwa kimeiva, wali na maharage ya nazi, na hapakuwa na sababu ya kukimwaga. Mjini wengi wamewahi kula matanga ya jirani. Mimi nilikaa jamvini nikala matanga yangu mwenyewe, nikaongezewa, na wewe ukinihesabia matonge kwa macho kama mtu anayetaka uthibitisho.

Aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa mwanao Somoe. Macho yalikuwa mekundu. Akanimiminia maji bila kunitazama.

"Tumelia bure," akasema.

"Samahani," nikamwambia.

"Mimi nimelia kuliko wenzangu. Nilidhani una mama mahali, naye hajui."

Baba, mimi nilikuwa nimelala kwenye matope ya Bama, nimewaona wenzangu wakifukiwa bila hata mtu wa kuuliza majina yao. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani msichana asiyenijua atamlilia mama yangu. Wali ulinikwama kooni. Wewe ukanipiga mgongoni kwa nguvu, ukidhani nakufa sasa kwelikweli.

Nilirudi baada ya mavuno na wazee wangu wawili kuposa. Kwenu hapo mjomba ndiye husemeshwa kwanza, na Mjomba Hasani, kaka yake mama mkwe, alikuja kutoka Pande amekwisha nuna tangu njiani. Mimi nilikaa nje barazani, ukuta wa udongo ukiniletea kila neno.

"Mpwa wangu haolewi na mtu mwenye kaburi," alisema Mjomba. "Na zaidi, huyu analala garini. Mtu anayelala garini leo yuko hapa, kesho utamtafuta wapi?"

Nilitoka jasho barazani pale. Nilijua akikataa yeye imekwisha, nitaendelea na gari langu mpaka uzee, na kila nitakapopita Kiranjeranje nitakanyaga mafuta nisione uwanja wenu. Halafu nikasikia umejikohoza.

"Shemeji, waume wa binti zako uliwakagua?"

"Niliwakagua vipi?"

"Mimi huyu nimemkagua. Nimemshika miguu, haina donda wala funza. Nimemsomea Yasini, hakunikatiza. Nimemchimbia kaburi, akanisaidia kulifukia. Wakwe zako wangapi wamekusaidia kufukia hata shimo la choo?"

Kisha sauti ya Mjomba Hasani, ndogo kidogo: "Haya. Lakini akifa mara ya pili msiniite."

Ndivyo nilivyooa.

Miaka iliyofuata, tajiri alipolichoka gari akaniachia, na mimi na Somoe tukawa tunakuja kwenu kila mavuno ya korosho. Somoe akilala kwa mama yake, mimi kwa kumwonea haya mama mkwe nililala humu humu. Alfajiri ulikuja kugonga kioo kwa pete yako.

"Bakari. Leo u hai?"

"Ni hai, Baba."

"Haya, twende tukaswali."

Na unaukumbuka usiku ule ulipokosana na Mama juu ya mbuzi aliyekula kanzu yako ya Ijumaa? Yeye alisema kosa ni la aliyeianika chini, na aliyeianika ulikuwa wewe. Ukaja na mto wako, ukafungua mlango wa nyuma, ukajikunja kwenye kiti bila salamu. Kwa muda mrefu nilisikia tu mifupa yako ikitafuta pa kukaa.

"Kaburi lako lilikuwa na nafasi zaidi," ukasema.

Tulicheka mpaka gari likatikisika. Kisha ukaugeuza mto wako. Ukasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwako: "Asubuhi ile nilipoiona miguu yako niliingiwa na hofu. Nilisema huyu amekufa peke yake njiani, hakuna hata mtu wa kumfumba macho. Ndiyo maana niliharakisha. Sikutaka uendelee kukaa peke yako."

Katika masimulizi yako yote ya arusini hukuwahi kuliweka neno hilo, na mimi sikuwahi kumwambia mtu, isipokuwa Somoe. Asubuhi ulirudi ndani kama hapakuwa na lolote, ukamwambia Mama kwamba umelala vizuri sana.

Wewe hukufa peke yako, Baba. Nashukuru. Somoe alikuwa amekushika kichwa, Mama alikuwepo, mji mzima ulikuwepo. Aliyekosekana ni mmoja tu. Usiku kucha nimelisikiliza jambo hilo pamoja na kelele za mto. Nilitaka niwe miongoni mwa waliokutelemsha. Nilitaka nikufunge vidole mimi, kwani katika mji wenu nani mwingine aliyefundishwa kazi hiyo na wewe, tena juu ya mwili wake mwenyewe?

Leo asubuhi nimemwona mtu ng'ambo na mwavuli mweusi. Alikuwa Mjomba Hasani. Ametembea kutoka Kiranjeranje kwa miguu, na umri wake ule, mpaka mtoni. Akaweka mikono mdomoni akaanza kupiga kelele, na mto ukawa unayala maneno yake nusu nusu.

"Tumemzika jana," nikasikia. "Alisema usingojewe. Njia mbaya."

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesikia.

"Alisema jingine. Alisema yule akifika, ale kwanza, ndipo alie."

Nililisikia vizuri kabisa, lakini nikaweka mkono sikioni kana kwamba sikulipata. Akalirudia. Nikaweka mkono tena. Mara hiyo akakasirika, akasema kitu ambacho sitakiandika kwenye barua ya msiba, kisha akalirudia lote toka mwanzo, akiongeza "mwanangu" mwishoni. Hajawahi kuniita hivyo. Nilimwashiria arudi nyumbani akapumzike, mvua inakuja. Hakurudi. Mpaka sasa ninapoandika hivi amekaa ng'ambo juu ya gogo, mwavuli wazi, anautazama mto kama karani anayewangojea watu wamalize.

Maji yameanza kupungua. Mizizi inaonekana ukingoni. Mwenye mtumbwi amechukua upondo anapima kina, na ameniambia nikunje karatasi zangu, nikae katikati, nisitikisike, nisicheke. Nimemwahidi.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, na akupokee kwa upole kuliko ulivyonipokea mimi. Somoe na Mama nitawatunza, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Nakuja. Nina njaa.

Mkweo,
Bakari