Msikilizaji wa Hulugho

Weris, nimetoka studio sasa hivi.

Si unajua bila kile kipindi cha moja kwa moja sipati digrii ya mawasiliano? Nikakaribisha wapiga simu. Hakuna anayepiga. Mwalimu ananitazama tu.

Halafu akapiga mmoja. Mmoja tu. "Mimi ni msikilizaji wa Hulugho." Weris, ni hooyo. Mama yangu mwenyewe, anajifanya hanijui.

"Swali langu, wewe mtangazaji unakula na nani?"

Unakula na nani, hewani! Nikasema, "Asante msikilizaji, swali zuri," nikakata.

Nimepita. Nampigia, hapatikani. Ameshateremka kile kilima cha kwetu chenye mtandao.

Nilitaka kumjibu. Tangu uhame chumba chetu hapa Iftin, sijala sahani moja na mtu.