Kiboko cha Mjomba Efraimu

Bwenini, 17 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Momela na kifua cha bibi kimetulia. Mimi mwili ni mzima, moyo sio.

Ijumaa kidato cha tatu tulipelekwa kwenye gofu la boma la Wajerumani, juu ya Kikatiti. Mjomba Efraimu, akiwa mwalimu wetu wa historia, alitaka tuigize enzi zile. Yeye akawa Mjerumani, mimi na Ruth askari, Nosim mpagazi aliyetoroka. Nosim alichaguliwa na mjomba mwenyewe. Mwezi uliopita msichana huyo alimshtaki kwa mkuu wa shule kwamba anatupiga ovyo.

Tulidhani atatumia kamba ya katani. Akatoa kiboko cha kweli ndani ya koti. "Mshikeni sawasawa, askari!" Tukamshika mikono, tunacheka. Pigo la kwanza Nosim akapiga ukelele, wenzetu wakashangilia wakidhani anaigiza. La tatu shati likachanika. La tano akanigeukia: "Eunike, niachie." Sikumwachia, mama. Nilimwogopa mjomba. La sita likampata jichoni. Damu ilinirukia mdomoni.

Walimu wanasema tuseme alianguka kwenye mawe. Nifanye nini?

Binti yako,
Eunike

Momela, 24 Machi

Mwanangu Eunike,

Bwana asifiwe. Tu wazima, bibi anakohoa kidogo tu. Barua yako nimeisoma, nikaichoma jikoni. Efraimu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Baba yako alipofariki ndiye aliyekutafutia nafasi hapo shuleni. Mtu hupandwa na hasira, mkono ukateleza. Huyo binti atapona. Wewe nyamaza, soma. Usinivunjie ukoo.

Mama yako

Bwenini, 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Bibi mpe pole yangu.

Nosim hatapona. Jicho limetolewa, na mgongo unatoa usaha. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi. Akasema, "Mikono yako ina nguvu sana."

Kesho yake nilikwenda polisi. Nimeeleza yote, hata kwamba nilimshika. Ruth alikataa kuja. Polisi walipomfuata mjomba darasani alinirukia, akanikaba koo na kunigongesha ukutani mpaka wakamtoa kwa nguvu. Jino langu moja limeng'oka. Ukinikataa nitaelewa, ila niandikie hata mstari mmoja.

Eunike wako

Momela, 28 Aprili

Eunike mwanangu,

Hujambo? Fizi bado zinauma? Huku tu wazima.

Nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Jumanne nikapika ndizi na nyama, nikatia kwenye hotipoti, nikampelekea Efraimu mahabusu. Nikamuuliza, "Ulipokuwa unampiga, hukuona kwamba ni mtoto wa mtu?" Akajibu, "Yule ana kiburi. Na wa kwako anacho. Laiti ningempata vizuri pale ukutani."

Alisema hivyo akinyoosha mkono apokee chakula. Sikumpa.

Nilikwenda nacho hospitali, nikamkuta mama yake Nosim kwenye benchi la nje. Nikamwambia mimi ni dada wa Efraimu na mama wa Eunike. Akanitemea mate miguuni. Sikuondoka, nilikaa pale pale. Jua lilipofika utosini akasema, bila kunitazama, "Mtoto hajala tangu jana."

Nikamkabidhi hotipoti.

Mimi mama yako