Matundu Matatu

4 Machi

Mama mpendwa, shikamoo. Goti lako linasemaje? Sisi wazima. Mjukuu wako Jenerali kesho kutwa anatimiza mwaka, na nyumba nzima tunafuata amri zake.

Nina neno. Kliniki wamegundua korodani yake moja haijashuka. Daktari anasema imebaki ndani ya tumbo na ikiachwa huko itaharibika. Hawampasui tumbo zima: ni matundu matatu madogo, kamera nyembamba kama kalamu inapita kitovuni, kisha wanaivuta chini. Lakini mwanao hataki kutia saini. Anasema itashuka yenyewe, halafu anakwenda karakana kupiga randa mbao zilizokwisha kulainika. Sijui anaogopa nini. Nisaidie.

Mkamwana wako

15 Machi

Mwanangu, marahaba. Goti linalalamika, nami nalijibu.

Mumeo naye alizaliwa hivyo hivyo. Najua umeona, ukanyamaza kwa heshima. Alipokuwa na miaka miwili tuliambiwa apasuliwe. Marehemu baba yake alikubali. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikatoroka naye wodini. Alipobalehe akaniuliza, nikamwambia wanaume wengine huumbwa hivyo. Uongo ulikuwa wangu, aibu akaibeba yeye.

Mpe mumeo barua hii. Baba, kosa ni langu. Usimrithishe mtoto.

Mama yenu

29 Aprili

Mama, shikamoo. Utuwie radhi kwa kimya.

Alisoma barua yako amesimama, akaikunja, akatoka. Siku tatu maneno yetu yalikuwa nipe chumvi, shika chumvi. Ya nne alivaa shati la kutokea, akambeba Jenerali hadi hospitali, akamwambia daktari, "Nipe hiyo karatasi kabla sijabadili nia."

Ilichukua saa moja na ushei. Korodani imekaa mahali pake, na matundu huyaoni mpaka uyatafute. Kesho yake tulikuwa tunamzuia asipande meza.

Kisha mwanao akaomba kuzungumza na daktari peke yake. Wamempima. Ya kwake imekaa tumboni muda mrefu mno, wanahofia isije ikageuka saratani, hivyo wataitoa kwa matundu yaleyale tarehe 12 Mei. Amekubali.

Nilimuuliza kama ana kinyongo nawe. Akasema, "Mama aliogopa kunipoteza. Mimi pia niliogopa."

Anaomba uje. Anataka akizinduka akuone wewe kwanza. Nimekubali, ila wa pili ni mimi.

Mkamwana wako